Vitanda Vinne vya Tembo Mweupe

Jumanne, 1 Julai 2025

Baridi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye bati. Leo mke wangu Lusia, Mama Eva, anatimiza mwaka mmoja, mwezi mmoja na siku tatu tangu aende Dodoma kwa wiki mbili.

Wiki mbili! Ndivyo alivyosema. Eva amejifungua, anahitaji mtu wa kumshikia mtoto, nitarudi kitovu kikidondoka. Mtoto ana meno sasa. Anatembea. Sijamwona. Anaitwa Filomena, na nasikia amechukua masikio yangu, maskini.

Najua kwa nini Lusia harudi. Cherehani. Niliiuza siku moja akiwa kanisani, nikanunua mbegu za uyoga ili niwauzie wenye hoteli. Uyoga ulitoka mweusi. Mbwa aliunusa akaenda kulala kwa jirani. Ningeweza kupiga simu na kusema samahani. Ningeweza pia kupanda basi. Lakini mwanaume hawezi kumfuata mkewe mikono mitupu, akasimama mlangoni kwa mkwe kama muuza karanga. Lazima ashike kitu.

Sasa ninacho. Karibu ninacho! Tembo Mweupe, ile bustani ya michezo yenye vyumba vya kulala njia ya Rhotia, wametoa Kadi ya Mgeni Mwaminifu. Kila ukiingia unagongewa mhuri wenye picha ya tembo. Mihuri ishirini, unapewa siku mbili bure, familia ya watu wanne. Chumba, chakula, treni ndogo, maji ya kuteleza, keki. Mimi, Lusia, Eva, Filomena. Wanne kamili. Nikijaza kadi nitamwambia Lusia chumba kiko tayari, njooni. Ataomba mwenyewe abaki. Hatajua hata kwamba ameombwa msamaha.

Nina mihuri saba. Kadi inakufa mwisho wa mwezi huu.

Nimepika maharage. Miaka ishirini na sita nilikuwa mpishi wa kambi za watalii, sijui kupika chini ya watu kumi na wawili. Mbwa amenenepa.

Alhamisi, 3 Julai

Kanuni mpya ukutani! Hakuna mhuri mpaka mgeni acheze mchezo mmoja. Nilimuuliza Nasieku, binti wa mapokezi, sababu ni nini. Akasema kuna watu wanaingia, wanagongewa, wanatoka bila hata kununua soda. Nikamwambia watu wa namna hiyo wachukuliwe hatua. Akasema ni mmoja tu, na ni wewe, Mzee Emilian.

Binti huyu ametoka Malambo, kwa Wamasai. Ana heshima nyingi na hasahau kitu.

Treni haitembei kwenye ukungu. Bembea ni za chini ya miaka kumi na miwili. Akabaki tembo mwenyewe. Ni wa saruji, mrefu kuliko nyumba yangu. Unapanda ngazi, unaingia sikioni, unatokea kwenye mkonga, chini kuna bwawa. Maji yanatoka mlimani, msituni, hayajawahi kuonja jua.

Niliingia na kaptula na sweta. Kwenye shingo ya tembo nikakwama. Nyuma yangu walikuwa wanafunzi wa ziara ya shule, wakanisukuma kwa miguu huku wakihesabu moja, mbili, tatu. Nilitoka mkongani nikipiga kelele ambazo sikujua ninazo. Mwalimu wao alipiga picha.

Mhuri wa nane. Simu ilikuwa kwenye kaptula.

Ijumaa, 4 Julai

Simu imelala kwenye mchele kilo tatu. Inawaka lakini haisikii wala haisemi. Tunafanana.

Eva amempigia Clemensi, jirani yangu. Clemensi ana kila kitu. Ana mke, watoto watano, luninga inayosikika mpaka chooni kwangu. Akaja kwenye uzio kusema Eva anauliza kama niko hai. Nikasema mwambie nimebanwa sana na mradi. Akasema, mwingine? Sikupenda alivyolitamka hilo neno.

Halafu nikagundua jambo la kuudhi. Clemensi hupeleka kabichi jikoni kwa Tembo Mweupe, na kila akipeleka wanamgongea mhuri. Ana kadi yenye mihuri mitano! Mimi nimepita ndani ya tembo na baridi hii, yeye anashusha kabichi. Na kadi ameikunja, ameiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba.

Hata usiku huu naiona hiyo meza.

Jumatatu, 7 Julai

Siku kubwa! Saba Saba, na pia mnada wa tarehe saba. Tangazo la Tembo Mweupe: leo tu, atakayekuja na familia anagongewa mihuri mitano kwa mpigo.

Tatizo lilikuwa familia. Niliwaomba watoto wa Clemensi, wakaniuliza kama kuna chipsi. Nikaenda mnadani kutafuta.

Kwenye supu nilikaa na mfugaji wa Nainokanoka aitwaye Saning'o, na mkewe Nalotuesha, na binti yao Sinyati, wa miaka sita hivi. Wameshuka kuuza mbuzi. Aliniuliza habari za nyumbani. Kwao habari haziishi kwa kusema nzuri, mtu anangoja zote, mvua, ng'ombe, watoto, magonjwa. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri. Sijui ilikuwaje, nikasema kweli. Nikamwambia mke yuko Dodoma, mjukuu simjui, sufuria ya watu kumi na wawili nakula mimi na mbwa.

Aliinuka, akarudi na kondoo jike mdogo, mwekundu, sikio la kushoto limekatwa alama mbili. Akasema nyumba isiyo na mnyama anayelia asubuhi ni nyumba ngumu kuamkia. Nichukue jike, azae kwangu. Na tangu leo yeye hataniita kwa jina langu wala mimi kwa lake. Kondoo amepita kati yetu, basi wote wawili ni Pakerr. Nikauliza kama ni namna ya urafiki. Akasema hapana, ni undugu. Mtoto wake ataniita baba.

Macho yaliniwasha. Moshi wa nyama, pale mnadani moshi ni mwingi.

Kisha nikamuuliza Pakerr kama ana saa moja ya kupoteza.

Mapokezi Tembo Mweupe, Nasieku aliuliza tangu lini Mwiraqw wa Karatu ana kaka Mmasai. Saning'o akamweleza kwa Kimaasai, wakaongea hadi watu nyuma yetu wakaanza kukohoa. Mwishoni Nasieku akasema kama kondoo amepita, yeye mtu wa Malambo ataanzia wapi kubisha. Akaandika kwenye kitabu: Familia ya Mzee Emilian. Majina manne. Nikaweka sahihi, miwani ilikuwa nyumbani.

Mihuri mitano! Jumla kumi na mitatu. Kondoo alibaki getini kwa mlinzi. Sinyati alipita kwenye tembo mara tisa, na kila mara kabla ya kuingia sikioni aliita, baba, tazama. Mara mbili za kwanza nilidhani anamwita Saning'o. Nilitazama zote tisa.

Alhamisi, 10 Julai

Homa. Mafua. Siku tatu sijatoka, sijapata hata mhuri mmoja.

Saa nne asubuhi nikasikia mtu getini, Pakerr! Pakerr! Kwa sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Familia nzima ya Clemensi ilitoka kuangalia. Alikuwa Saning'o, amefuata dawa za mifugo mjini, ameniletea maziwa kwenye kibuyu. Alimkagua kondoo, hakuridhika na anapolala, akakata miti ya mkaratusi akajenga kizizi bila kuniuliza. Halafu akala maharage sahani tatu. Ni mara ya kwanza kuona kitako cha ile sufuria tangu Mama Eva aondoke.

Akasema mwezi wa nane wana sherehe ya mtoto wa kaka yake, na nafasi yangu ya kukaa ipo. Nikamwambia nitaangalia ratiba.

Alipoondoka nyumba ilikuwa kimya kuliko kabla hajaja. Sikupenda. Na ubaya mwingine, ndugu kakutembelea Alhamisi, hakuna mhuri wowote.

Jumamosi, 12 Julai

Jana nimepita tena kwenye tembo, mhuri wa kumi na nne. Kifua kinapiga filimbi.

Leo Clemensi kaegemea uzio, uso umemshuka. Kesho binti yake anapata kipaimara, wageni arobaini, na mbuzi aliyemnunua amekufa kwa kuvimba tumbo. Akawa anamtazama kondoo wangu. Mimi nikawa natazama, kupitia mlango wake, mguu wa meza.

Nilishauliza mapokezi. Kadi mbili zinaunganishwa kama wenyewe wote wawili wataweka sahihi. Kumi na minne na mitano ni kumi na tisa!

Nilifikiri kwa muda mrefu. Karibu muda wa chai kuchemka. Nikajiambia Pakerr amenipa kondoo ili nyumba yangu ipate uhai. Sasa kondoo analeta mihuri, mihuri inaleta chumba, chumba kinamleta Lusia. Ni njia ileile, nimeifupisha tu. Clemensi aliuliza, huyu si yule uliyepewa na Mmasai? Nikamwambia yule ni mtu mwelewa sana.

Kondoo alimfuata Clemensi bila shida. Getini alisimama akageuka kunitazama. Nikaingia ndani kutafuta kalamu.

Mihuri kumi na tisa.

Jumatatu, 14 Julai

Jana walisherehekea. Nililetewa sahani. Sikuweza kuimaliza, nadhani ni mafua.

Leo asubuhi tena, Pakerr! Nilitoka mbio ili nimkute getini, lakini Saning'o alishafika kwenye uzio. Clemensi alikuwa ameanika ngozi ya kondoo pale, na kichwa kikiwa na masikio yote. Alilishika sikio la kushoto kwa vidole viwili.

Aliuliza kama kondoo aliugua. Ningeweza kusema aliugua! Alinipa mlango kabisa. Nikasema ni sherehe. Akauliza, ya mtoto wako? Nikasema ya jirani. Akauliza, na wewe ukapata nini? Nikamwonyesha kadi. Aliitazama mbele, akaitazama nyuma, akanirudishia.

Akasema, haya, Mzee Emilian, nisije nikaachwa na gari.

Mzee Emilian. Kwa heshima kabisa, na mkono alinipa. Kwenye nguzo ya uzio aliacha kifurushi cha magadi, alikuwa amemletea kondoo alambe.

Sijui kwa nini imeniuma hivi. Ndilo jina langu.

Jumatano, 16 Julai

ISHIRINI! Nasieku aligonga mhuri, mpishi na mlinzi wakapiga makofi. Nilitoka mkongani moja kwa moja mpaka mapokezi, maji yananichuruzika, nikaanza kutaja majina. Lusia. Eva. Filomena.

Nasieku akafungua kitabu. Zawadi ni ya familia iliyoandikishwa, akasema, na iliyoandikishwa ni Emilian, Saning'o, Nalotuesha na Sinyati. Sahihi yako hii hapa.

Nikamwambia hao si familia yangu. Alinitazama. Akasema wiki iliyopita alikuwa Pakerr. Nikasema mambo yamebadilika. Akasema ndiyo, amesikia. Habari za kondoo zimeshafika Malambo, na mimi nimekaa hapa naandika shajara nikidhani ni siri!

Nafasi iliyobaki mwezi huu ni Ijumaa hii mpaka Jumapili tu. Nilimwomba ampigie Saning'o simu, aje na familia, vyumba vipo, keki ipo. Alipiga. Jibu likaja: anashukuru, ng'ombe wanapelekwa kwenye magadi.

Sawa. Nina mpango. Nitakwenda peke yangu, nitakaa kimya. Siku ya pili nitatangaza kwamba wenzangu wameugua, niombe nafasi zao zihamishiwe Dodoma. Hakuna mwenye roho ya kukataa.

Alhamisi, 17 Julai

Clemensi amebisha hodi mara tatu. Najua anachotaka. Kondoo alikuwa mwembamba, anataka mihuri yake. Nililala sakafuni, nikaongeza sauti ya redio. Akapaza sauti, kitu kuhusu Ijumaa. Nikamjibu kwa sauti kwamba Ijumaa sipo! Akasema kitu kingine kirefu. Nikaongeza redio mpaka mwisho, ilikuwa ni bei za mazao.

Akaenda zake. Ameshindwa!

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nikiwa chumba cha familia, Tembo Mweupe. Vitanda vinne. Taulo nne, zimekunjwa mfano wa bata. Walinipokea na glasi nne za juisi kwenye sinia. Nilikunywa moja, nikawa nazitazama zile tatu, mhudumu anazishikilia, hajui azipeleke wapi.

Nimelala kwenye kitanda cha dirishani. Halafu nikahamia cha pili, ili visionekane havijatumika. Kufika asubuhi nilikuwa nimevilalia vyote na sijapata usingizi kwenye hata kimoja.

Chakula cha mchana meza ya wanne. Mhudumu aliuliza aanze kupakua au awangoje wengine. Nikasema wako njiani. Aliwangoja mpaka wali ukapoa. Kisha mpiga picha, kwa sababu picha ya familia imo kwenye zawadi. Alinisimamisha mbele ya tembo, akasema sogeeni karibu karibu. Mazoea.

Nasieku yuko mapumziko, kwa hiyo sijapata wa kumweleza kuhusu wagonjwa wangu.

Saa tisa ukungu ulikuwa mzito. Dirishani nilimwona mwanamke getini, kabeba mtoto mgongoni, anaongea na mlinzi. Mtoto alikuwa anamnyooshea kidole tembo. Mlinzi akafungua kitabu, akamsomea. Mwanamke akasimama kidogo, akajifunga kanga vizuri, akashuka barabarani. Nikafikiri, huyu ningemjua mapema angenifaa siku ya mihuri mitano.

Keki ililetwa vipande vinne. Nilikula kimoja. Ni nzuri kweli, Lusia angeipenda.

Jumapili, 20 Julai

Nimerudi saa tatu asubuhi. Clemensi alikuwa kwenye uzio, hacheki. Hilo lilinitisha.

Lusia alikuja. Ijumaa jioni, na Filomena mgongoni. Eva alipiga simu Alhamisi, Clemensi akaja kuniambia, nikamjibu sipo. Wamelala kwa Clemensi siku mbili. Jana Clemensi akamwambia mumeo hawezi kuwa kwingine, yuko kwa yule tembo. Akapanda bodaboda akanifuata! Mlinzi akamsomea kitabu: Mzee Emilian yuko ndani na familia yake, watu wanne, Saning'o, Nalotuesha, Sinyati, wanapumzika.

Lusia alisema basi msiwasumbue.

Jioni Clemensi alimweleza yote, kadi, kondoo, mkonga. Anasema alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaendelea kutoa machozi wakati kicheko kimeshaisha. Ameacha ujumbe. Basi la Dodoma linatoka stendi saa nne. Amelipia viti viwili, Filomena atapakatwa. Baba Eva aje hivyo hivyo alivyo, asilete kitu.

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Stendi kwa bodaboda ni dakika kumi. Nilikimbia mpaka barabarani, nikapanda, nikasema stendi, upesi!

Tulipopita sokoni nikatazama mikono yangu. Mitupu. Baada ya yote haya, nimkute Lusia na mikono mitupu, na jina la Nalotuesha liko kitabuni? Nikamwambia dereva geuza, Rhotia!

Kwa sababu aliyepata zawadi hupewa kadi mpya yenye mihuri miwili ya kuanzia. Niliwafungulisha ukurasa mpya. Nilisimama pale mpaka kijana wa zamu akaandika yote: Emilian, Lusia, Eva, Filomena. Anaandika taratibu lakini mwandiko wake ni mzuri. Safari hii nilikuwa na miwani.

Stendi nimefika saa nne na dakika ishirini. Basi limeondoka saa nne kamili. Mkata tiketi anasema kuna mama alikuwa ametandika kanga kwenye kiti cha pembeni yake, hataki mtu akae, mpaka basi linaanza kutembea. Ana mtoto wa masikio makubwa.

Jioni. Nimekaa, nimefikiri, nimeona kosa liko wapi. Kosa ni kuweka sahihi bila miwani.

Ijumaa ni mnada wa tarehe ishirini na tano. Nitatafuta kondoo jike, mwekundu, umri uleule. Alama za sikio nitakata mwenyewe, halafu nimpeleke Nainokanoka, niseme yule aliyechinjwa alikuwa mwingine.

Nimepika maharage. Mihuri miwili tayari, imebaki kumi na minane.